Kubadilisha westi ya sinki: somo kwa mwanaprogramu

Kazi yangu ni kuandika programu, na hadi mwezi uliopita sikuwa nimewahi kufungua nati yoyote ya bomba. Leo basi tuache kompyuta kidogo, tuzungumzie sinki ya bafuni. Usiondoke, mambo ya kompyuta yatarudi yenyewe.

Tatizo lilikuwa hili. Nimepanga nyumba ghorofa ya tatu hapa Nairobi. Jirani wa chini alikuja kubisha hodi, akanionyesha doa la maji kwenye dari yake, juu kabisa ya kitanda cha mtoto wa miezi mitano. Mwenye nyumba alikuwa ameshamtuma fundi mara 2, na kila mara fundi alipaka silikoni kwa nje akaenda zake. Ilishika siku chache, kisha ikaachia. Sisi wa programu tunaijua kazi hiyo: kuficha ujumbe wa hitilafu bila kuigusa hitilafu. Mara ya 3 nikaambiwa sinki nzima ing'olewe, na gharama ikatwe kwenye amana yangu. Nikaomba siku mbili nichunguze mwenyewe.

Kwanza, tafuta chanzo. Tone lilikuwa likianguka kutoka kwenye trapu, yaani ile chupa iliyo chini ya sinki. Lakini maji hushuka, kwa hiyo pale yanapodondokea si lazima pawe pale yanapotokea. Nilifuta kila kitu kikakauka, nikazungushia tishu kwenye kila kiungo, kisha nikamwaga maji kwa jagi (mtaani kwetu maji ni ya mgao). Tishu ya kwanza kulowa ilikuwa ya juu, kwenye nati kubwa inayoshika westi. Westi ni kile kipande cha chuma kilicho katikati ya sinki, ambacho maji hupitia kwenda chini. Trapu haikuwa na kosa. Sinki pia haikuwa na ufa.

Pili, kununua. Hapa kuna kitendawili. Westi ya sinki ya kunawia huitwa ya inchi moja na robo, lakini ukiipima uzi wake kwa nje utapata kama milimita 42, ambazo ni zaidi ya inchi moja na nusu! Sababu ni kwamba jina lilitokana na tundu la ndani la mabomba ya chuma ya zamani, si upana wa nje. Uzi wenyewe unafuata umbo alilopendekeza Mwingereza Joseph Whitworth mwaka 1841, na wa ukubwa huu una mizunguko 11 kwa kila inchi. Ndiyo maana westi mpya iliingia bila shida kwenye trapu ya zamani iliyotoka kiwanda kingine kabisa. Kiolesura kikiheshimiwa, walio pande mbili hawahitaji kujuana.

Uliza pia kama sinki yako ina lile tundu la juu la kuzuia maji yasifurike. Ikiwa nalo, nunua westi yenye nafasi ubavuni, ili maji ya tundu hilo yapate njia. Kama halina, nunua isiyo na nafasi.

Tatu, kazi yenyewe. Weka ndoo chini, fungua trapu, kisha fungua nati kubwa. Yangu ilikuwa imeganda kwa kutu, nikaikata taratibu kwa msumeno wa chuma. Ndani nikamkuta mhalifu: washa ya mpira iliyokuwa ngumu kama plastiki na yenye nyufa. Silikoni ya nje isingeweza kuiponya hata ikipakwa mara 10.

Kwangua uchafu wote hadi sinki iwe safi na kavu. Paka duara la silikoni chini ya ukingo wa westi mpya, ishushe, elekeza nafasi zake kwenye njia ya tundu la juu. Kwa chini tia washa ya mpira, kisha ya plastiki, kisha nati. Kaza kwa mkono, halafu ongeza robo mzunguko tu kwa spana. Kinachozuia maji ni mpira kubanwa, si nguvu zako, na sinki ya udongo ikizidishiwa nguvu hupasuka. Mimi niliiacha saa 24 kabla ya kujaribu kwa tishu tena. Zote zilibaki kavu, na doa la kule chini likaanza kufifia.

Neno la mwisho, na hili halihitaji spana. Maji yanayobaki ndani ya trapu ndiyo kizuizi cha hewa chafu ya bomba la majitaka. Wazo hilo lina miaka mingi: Alexander Cumming, mtengeneza saa wa London, alipewa hataza ya choo chenye bomba la kupinda mwaka 1775. Kizuizi hicho kikikauka, mlango uko wazi. Mwaka 2003 ugonjwa wa SARS uliwapata wakaazi zaidi ya 300 wa majengo ya Amoy Gardens, Hong Kong, na uchunguzi ulitaja trapu za sakafuni zilizokauka kuwa sehemu ya njia ya maambukizi.

Kwa hiyo ndugu msomaji, ukirudi kutoka safari, au mgao ukikawia, mwaga kikombe cha maji kwenye kila tundu la nyumba. Ni kinga rahisi kuliko zote ninazozijua.