Sanje kwa Miguu

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa haina barabara za watalii ndani yake. Ina kilomita za mraba 1,990, ilianzishwa mwaka 1992, na anayetaka kuiona hutembea. Mama mkwe wangu, mtu wa Tanga aliyezoea kutazama tembo wa Mikumi kupitia dirisha la gari, alipoambiwa hivyo pale makao makuu ya Mang'ula alicheka, akakaza mtandio, akauliza njia iko wapi.

Njia ilikuwa ya kesho yake. Jioni hiyo hema lilisimamishwa kambini, pembezoni mwa msitu, na watoto wakaanza kuokota vijiti vya moto. Askari wa hifadhi akawazuia kwa upole. Hata wanavijiji wa jirani, waliokuwa na siku yao maalumu ya kuingia kuokota kuni kavu, walifutiwa ruhusa hiyo mwaka 2011. Kwa hiyo ugali ukasongwa kwenye jiko la gesi. Usiku perere walipoanza kupiga kelele mitini, mdogo kuliko wote alihamia katikati ya bibi na babu na hakutoka humo hadi asubuhi.

Kijiji cha Sanje kiko kilomita 10 hivi kutoka Mang'ula, upande wa Kidatu. Kutoka hapo ni kupanda tu. Mbega wekundu wa Iringa waliruka juu ya vichwa vyetu, mikia ikining'inia, lakini mwongozaji alikuwa akisikilizia mlio mwingine. Mwaka 1979 watafiti waliokuja kuwachunguza mbega hao walisikia sauti wasiyoitambua. Mwongozaji wao, mwenyeji wa huku, aliitambua papo hapo: ni ngolaga. Muda si mrefu wakaonyeshwa mtoto wa kima huyo, akifugwa kijijini. Vitabu vinasema aligunduliwa mwaka huo. Nadhani vingemwuliza kwanza aliyekuwa akimlisha. Ngolaga huyo, yaani kima wa Sanje, hapatikani porini popote duniani nje ya milima hii.

"Bibi, tupumzike?" mwongozaji aliuliza kwenye kona kali.

"Umechoka, mwanangu?"

Hakuuliza tena.

Maporomoko ya Sanje yanashuka kiasi cha meta 170, kwa ngazi tatu. Dimbwi la kuogelea limejificha juu, kati ya miamba, na ukiwa chini huwezi kulidhania. Maji ni ya baridi ya kukata pumzi. Babu aliingia hadi magotini, akatangaza kwamba ameoga. Watoto walipiga mbizi hadi midomo ikageuka rangi. Kutoka ukingoni, mashamba ya miwa ya Kilombero yalionekana yametandazwa hadi mwisho wa macho. Maji haya hatimaye huishia Rufiji, liliko Bwawa la Nyerere lenye mitambo ya megawati 2,115, na mjukuu mkubwa alikataa katakata kwamba alichokuwa akikirusha usoni mwa dada yake kinaweza kuwasha taa nyumbani Dar.

Tuliposhuka, mama mkwe alimwuliza askari kuhusu njia ya Mwanihana. Akajibiwa: kilomita 38, siku tatu, kulala msituni usiku mbili, na lazima askari mwenye bunduki. Askari alimtazama miguuni, viatu vya mpira vilivyojaa tope. Yeye alishaanza kugawa mizigo: sufuria kwa babu, hema kwangu.