Vitabu Viwili vya New Germany

Usharika wa Kilutheri wa New Germany, ulio magharibi ya Durban, Afrika Kusini, ulizaliwa katika biashara ya pamba. Mwaka 1847 Jonas Bergtheil, Myahudi mzaliwa wa Bavaria, alishiriki kuunda kampuni ya pamba ya Natal, iliyopata ardhi kwenye vilima vinavyopanda kutoka bandari ya Port Natal, yaani Durban ya leo. Wakulima aliwatafuta Ujerumani. Meli ya Beta iling'oa nanga Bremerhaven Novemba 1847 na kutia nanga Port Natal tarehe 23 Machi 1848, ikiwa na familia 35, watu wapatao 180, wengi wao wakiwa wenyeji wa Osnabrück na vijiji vya jirani. Walikuwa Walutheri, nao walihitaji mchungaji wa kubatiza watoto na kuzika wafu wao.

Mwandishi wa makala haya aliijua historia hiyo kwa mikono kabla ya kuisoma. Ni fundi wa kujalidi vitabu, mzaliwa wa miteremko ya Kilimanjaro, aliyelelewa katika usharika wa Kilutheri wa kijijini na kuhamia Durban baada ya uchaguzi wa 1994 uliomaliza ubaguzi wa rangi. Kwa miaka mingi riziki yake ilitokana na kushona upya vitabu vya kumbukumbu za makanisa ya Natal: ubatizo, kipaimara, ndoa na mazishi.

Mchungaji waliyempata wakulima wale wa Beta alikuwa Wilhelm Posselt, aliyezaliwa Prussia mwaka 1815. Alitumwa na Misioni ya Berlin, akafika Afrika Kusini mwaka 1840, akafanya kazi kwanza kati ya Waxhosa. Vita vya 1846 na 1847 viliangamiza vituo vya misioni huko, naye akakimbilia Natal, ambako alishiriki kuanzisha kituo cha Emmaus chini ya milima ya Drakensberg. Mwaka 1848 aliitwa kuwahudumia wakulima wa New Germany. Aliupokea wito huo bila kuacha utume wake kwa Waafrika, na uamuzi huo ndio ulioupa usharika sura yake.

Pamba haikustawi. Familia zile ziligeukia mboga na viazi, zikapeleka mazao sokoni Durban kwa magari ya ng'ombe. Usharika uliotarajiwa kutegemea kampuni ukawa wa wakulima wadogo, na kanisa na shule vikategemea jasho lao. Baadaye baadhi yao walihamia bara na kuanzisha makazi mengine, likiwemo New Hanover, nao wakaendeleza huko ibada zao za Kijerumani.

Kando ya mashamba hayo Posselt alijenga kituo cha misioni kwa ajili ya Wazulu, akakiita Christianenburg kwa jina la mkewe, Christiane. Akawa mchungaji wa makundi mawili: wakulima walioabudu kwa Kijerumani, na Wazulu walioabudu kwa lugha yao. Imani na katekisimu vilikuwa vilevile, lakini kila kundi lilifanya ibada zake peke yake. Posselt aliitumikia kazi hiyo hadi alipofariki mwaka 1885, na kumbukumbu za maisha yake zilichapishwa Berlin baada ya kifo chake.

Mwaka 1854 nyumba yake ilipokea wageni waliotoka pwani ya Waswahili. Misioni ya Hermannsburg, iliyoanzishwa na Louis Harms, ilikuwa imetuma meli ya Candace ipeleke wamisionari na mafundi kwa Waoromo kupitia Mombasa. Watawala waliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar hawakuwapa njia, wakarudi kusini hadi Port Natal. Posselt aliwapokea na kuwashauri, nao wakanunua shamba karibu na Greytown na kuliita Hermannsburg. Sehemu kubwa ya Ulutheri wa Natal ilitokana na safari hiyo iliyokwama Mombasa.

Kazi ya kujalidi huonyesha jinsi sharika za namna hii zilivyoishi. Kitabu cha ubatizo kinapofunguliwa mezani, kwanza hutazamwa mgongo, kwa maana uzi hukatika pale kilipofunguliwa mara nyingi. Wino wa zamani, uliotengenezwa kwa chumvi ya chuma, huila karatasi taratibu hadi herufi zikatoboka. Unyevunyevu wa Durban huleta koga, na wadudu huifuata gundi ya unga wa ngano. Fundi hufumua mishono, husafisha ukurasa mmoja mmoja kwa brashi laini, huziba matundu kwa karatasi nyembamba, kisha hushona tena kwa kitani. Kazi hiyo humlazimu kusoma, maana kurasa zikichanganyika mtoto huweza kuonekana amezikwa kabla ya kubatizwa. Mwandishi alijifunza mwandiko wa Kijerumani wa zamani kwa ajili hiyo, na Kizulu alikipata kwa majirani.

Karne ya 20 iliyatenganisha zaidi makundi yale mawili, Wajerumani na Wazulu. Katika miaka ya 1930 ardhi ya Misioni ya Berlin iligawanywa viwanja vilivyouzwa kwa Waafrika. Ukazaliwa mtaa wa Clermont, mojawapo ya sehemu chache ambako Mwafrika aliweza kumiliki kiwanja chake karibu na jiji, na sehemu yake mojawapo bado inaitwa Christianenburg. Sheria ya 1950 ya kugawa maeneo kwa rangi ikafanya desturi ya kukaa kwa kutengana kuwa amri ya serikali. Walutheri weusi wa misioni mbalimbali waliungana, na mwaka 1975 wakaunda kanisa moja la Kusini mwa Afrika. Sharika za wenye asili ya Kijerumani zilibaki katika makanisa yao.

Swali la makanisa kutengana kwa rangi lilifika Tanzania. Mwaka 1977 Shirikisho la Walutheri Duniani lilikutana Dar es Salaam, likatamka kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi ni suala la ungamo la imani. Mkutano huohuo ulimchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais, Mwafrika wa kwanza katika kiti hicho. Ubaguzi wa kisheria ulikoma mwaka 1994, lakini kanisa la Walutheri weusi na yale ya wenye asili ya Kijerumani bado yana mifumo yao.

New Germany si shamba tena. Viwanda na nyumba vimeyafunika mashamba ya mboga, na eneo lote limo ndani ya manispaa ya eThekwini. Anayetaka kuandika historia ya usharika ule hana budi kusoma vitabu vya pande zote mbili, vya wakulima na vya Christianenburg, kwa mfuatano wa miaka. Akisoma vya upande mmoja tu, nusu ya watu waliohudumiwa na mchungaji yuleyule hawatakuwamo. Mwandishi amewafundisha vijana anaowaachia karakana waijalidi kila seti kwa unadhifu uleule, na waandike katika orodha moja jina la kila kitabu na usharika wake.