Moyo wa Mgonjwa wa Figo



Wiki hii tunapenda kutafakari nanyi jambo ambalo familia nyingi zenye mgonjwa wa figo hazijalifahamu vema. Mtu ambaye figo zake zimeshindwa kazi, akawa anasafishwa damu kwa mashine, mara nyingi hafi kwa figo. Hufa kwa moyo. Maji na chumvi vinavyobaki mwilini kabla ya zamu inayofuata huulemea moyo. Kuta zake hunenepa na kukakamaa, mishipa huingiwa na chokaa, nayo potasiamu hupanda na kushuka hata mapigo yakavurugika ghafla.

Ndiyo maana madaktari walitumaini kwamba dawa zilizookoa mioyo ya wengine zingeiokoa na hii. Huko Ujerumani wagonjwa 1,255 wenye kisukari waliokuwa wakisafishwa damu waligawanywa, wengine wakapewa atorvastatini, dawa ya kupunguza lehemu, na wengine kidonge kisicho na dawa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2005. Lehemu mbaya ilishuka kwa asilimia 42 katika wiki nne tu. Hata hivyo kifo cha moyo, shambulio la moyo au kiharusi kiliwapata asilimia 37 ya waliopewa dawa, na asilimia 38 ya wenzao. Mwaka 2009 utafiti wa watu 2,776 waliopewa rosuvastatini au kidonge kitupu nao haukuonyesha nafuu.

Ikabaki spironolaktoni. Tangu mwaka 1999 ilijulikana kwamba hupunguza vifo kwa takriban asilimia 30 miongoni mwa watu ambao moyo wao umedhoofika sana. Mwaka 2025 yakatoka majibu ya utafiti wa wagonjwa zaidi ya 2,500 wa mashine katika nchi 12: haikupunguza vifo vya moyo, wala kulazwa kwa sababu ya moyo kushindwa kazi.

Wako watakaosema kazi hiyo yote ilipotea bure. Sisi hatukubali. Mgonjwa wa mashine hupimiwa hata maji ya kunywa, naye humeza vidonge vingi kila siku. Kumwondolea kimoja kisichomfaa ni huruma. Na wale waliokubali kumeza kidonge pasipo kujua kama kina dawa au hakina, wakiwa wagonjwa hivyo, walitoa sadaka ambayo wengi wao hawakuishi kuona matunda yake.

Tumeulizwa pia, baada ya Misa, kama mama anayesafishwa damu aweza kupewa vidonge vya moyo vya jirani. La hasha! Spironolaktoni huzuia potasiamu isitoke mwilini, na figo zake haziwezi tena kuitoa. Wala anayetumia dawa ya lehemu tangu zamani asiiache kwa kusoma ukurasa huu: mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2013 unashauri dawa hiyo isianzishwe upya kwa mtu aliye kwenye mashine, lakini aliyekuwa nayo tangu awali aweza kuendelea. Daktari wake ndiye wa kuulizwa.

Mwaka 2025 ulileta habari njema pia. Katika Kanada na Australia wagonjwa 1,228 wa mashine walipewa gramu 4 za mafuta ya samaki kila siku, au mafuta ya mahindi. Matukio mazito ya moyo na mishipa yalipungua kwa asilimia 43 kwa waliopewa mafuta ya samaki. Tunafurahi, ila kwa tahadhari: ni utafiti mmoja, wa kipimo maalumu chini ya uangalizi, si chupa yoyote inayotembezwa stendi.

Wakati huo huo liko jambo lisilongoja utafiti mpya. Kwa anayesafishwa mara tatu kwa wiki, hatari ya kifo huongezeka baada ya lile pengo la siku mbili bila mashine. Na anayekosa zamu hulirefusha zaidi. Wengine hukosa kwa kukosa nauli tu. Viongozi wa jumuiya ndogondogo, tunawaomba mtuletee majina ya wagonjwa hao kabla ya Jumapili ijayo.