Maji Yanataka Kulala

Ndugu zangu wasomaji, leo siasa pembeni. Naandika habari za samaki, na tafadhali usicheke mpaka ufike mwisho. Ukifika mwisho ukaona bado inachekesha, basi cheka.

Mzee wangu anaishi Kilosa. Ni mstaafu wa reli, ile ya zamani. Nyuma ya nyumba alijenga kibwawa cha sementi, hatua tatu kwa mbili, maji ya kiunoni, akaweka perege. Hawakuwa wa kula. Siku moja ya sikukuu dada yangu aliuliza kwa nini hatuvui hata mmoja, mzee akamwangalia kana kwamba amesema tumchinje jirani.

Walikuwa kumi na wanne, na aliwapa majina ya stesheni: Kimamba, Kidete, Godegode, Gulwe na kuendelea. Kila jioni alitoka na pumba kwenye kikombe, akagonga ukingo mara tatu, wakaja. Tangu mama afariki, hiyo ndiyo ilikuwa saa yake ya mazungumzo.

Majina yale hayakuja bure. Mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 mto Mkondoa ulifurika, ukawatoa maelfu ya watu majumbani Kilosa na kusomba reli kati ya Kilosa na Gulwe. Mzee alikuwa bado kazini. Mpaka leo anasimulia jinsi stesheni zilivyokaa kimya miezi.

Basi bwana. Mwezi uliopita nilipata mapumziko ya siku chache, nikapanda treni ya umeme pale Morogoro, nikashuka Kilosa. Mzee alikuwa anatoka kwenda msibani Rudewa, alale huko. Mimi nikabaki nalitazama bwawa. Maji ya kijani kabisa. Nikasema ngoja nimfanyie mzee jambo.

Jumapili nzima nilikuwa kazini. Nikawahamishia samaki kwenye mabeseni, nikamwaga maji yote, nikasugua kuta, nikafungulia mpira wa bomba. Maji yalikuwa yanatoka na tope kidogo kwa ajili ya mvua. Kwa usomi wangu nikachukua ile dawa ya maji ya kunywa, nikamimina chupa mbili. Nikawarudisha samaki. Nikapiga na picha.

Alfajiri walikuwa wanaelea, matumbo juu. Gulwe peke yake alikuwa bado anafungua mdomo. Nikamtia kwenye ndoo ya maji ya kisima. Hakufika saa mbili.

Nilikuja kusoma baadaye, kama kawaida yetu. Klorini inayoua vijidudu kwenye maji ya kunywa huunguza matamvua ya samaki, na matamvua ndiyo anayovutia pumzi. Hata maji ya bomba yenyewe, bila chupa zangu, yangeweza kuwadhuru. Mwenye kujua hubadili sehemu tu ya maji, na yale mapya huyaacha kwanza wazi kwenye pipa siku moja au mbili, klorini ipungue. Na ule ukijani niliouita uchafu? Ni mwani, na perege hula mwani. Nilimwaga maji pamoja na chakula.

Mzee akarudi saa nne.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Za hapa?"

Nikashindwa kujibu. Akaenda nyuma mwenyewe. Nikasubiri anigombeze, ningeshukuru. Akakaa ukingoni, akateka maji kwa kiganja, akanusa.

"Umetia dawa?"

"Nilitaka wapate maji safi, baba."

Akanyamaza kidogo. "Maji mapya yanataka kulala kwanza, mwanangu. Kama mgeni."

Akachukua jembe. Tukawazika chini ya mpapai, mmoja mmoja, naye akiwataja kwa mpangilio wa njia kuanzia Kimamba. Stesheni nyingine nilikuwa sijawahi kuzisikia. Jioni nikamwona anatoka na kikombe cha pumba. Akafika mlangoni, akasimama, akarudi ndani. Hapo ndipo nilipolia, kijana wa miaka 26 mwenye digrii yake.

Kesho yake nilitakiwa kazini Mikumi. Basi la Kilosa kwenda Mikumi linapita Ulaya (ndiyo, tunacho kijiji kinaitwa Ulaya; mtu wa Kilosa akikwambia alikuwa Ulaya, usimdai zawadi). Nikamsimulia abiria mwenzangu. Akasema, "Ni samaki tu, si utamnunulia wengine?" Nikasema kweli.

Jioni nikapanda gari la Morogoro. Barabara kuu inakata katikati ya Hifadhi ya Mikumi, kilometa kama 50, na pembeni kuna ubao wa faini: kila mnyama unayemgonga ana bei yake. Nimepita pale mara nyingi. Habari za waliogongwa nimeshaziandika, mistari sita, namaliza. Siku ile nikausoma ubao kwa macho mengine. Dereva aliyegonga swala hakukusudia, lakini anajua alipe kiasi gani aendelee na safari. Nikatamani na mimi nipewe ubao wangu.

Nikajipangia faini mwenyewe. Nje kidogo ya Morogoro, Kingolwira, kuna kituo cha serikali cha kukuza viumbe maji. Nikampigia mzee: Jumamosi nakuja na vifaranga wa perege.

"Usilete."

Moyo ukanishuka.

"Bado," akasema. "Maji hayajalala."

Sikumuuliza anasema maji ya wapi.

Kwa hiyo Jumamosi hii nakwenda Kilosa mikono mitupu. Nitakaa naye pale ukingoni ile saa ya pumba, anitajie zile stesheni nisizozijua, moja moja, mpaka mwisho wa njia. Vifaranga watakuja siku atakayosema yeye.

Na wewe msomaji, kama una mzee nyumbani mwenye kitu chake kidogo unachokiona kichafu, usikisafishe kabla hujamuuliza.

Wiki njema.