Mraba wa Vyumba Vinne

Sisi tufundishao watoto hapa Mbalizi twaulizwa mara nyingi: Yawezekanaje baba na mama wenye ngozi nyeusi wakazaa mtoto mwenye ualbino? Wengine hawaulizi, bali huhukumu. Humnyoshea mama kidole, wakisema amezini, au ukoo wake una laana; na nyumba huvunjika kwa neno lisilo kweli.

Basi, msomaji, tujifunze. Mtawa Gregor Mendel, wa mji wa Brno katika nchi iitwayo sasa Ucheki, alichanganya njegere zenye maua ya zambarau na zenye maua meupe. Kizazi cha kwanza chote kilitoa zambarau. Katika kizazi cha pili alihesabu miche 705 ya zambarau na 224 ya maua meupe. Weupe haukufa, ulifichwa tu. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1866.

Kila mtu naye hupokea sehemu za urithi ziitwazo jeni, moja kwa baba, moja kwa mama. Tuandike R kwa jeni itiayo rangi, na r kwa isiyotia. Baba ana Rr, mama ana Rr. Wote ni weusi, kwa maana R moja yatosha. Sasa chora mraba wa vyumba vinne, herufi za baba juu, za mama ubavuni, ukaziunganishe. Utapata RR, Rr, Rr na rr. Huyo wa mwisho ndiye mwenye ualbino, na kila mzazi amemtolea r yake. Tena robo hiyo ni ya kila mimba. Mtoto aliyetangulia hampunguzii wala hamwongezei anayefuata.

Nchini Tanzania hukadiriwa mtu 1 katika kila 1,400 ana ualbino. Kwa hesabu ya mraba huo, kadiri ya mtu 1 katika 19 huibeba r bila kujua. Katika kusanyiko la watu 190, hao ni kumi. Ni nani basi atakayeuita ukoo wa mwenzake umelaaniwa?

Tangu miaka ya 2000 watu wenye ualbino wameuawa nchini kwa ajili ya uganga wa uongo. Viungo vyao havina utajiri wowote. Ni ngozi iliyokosa rangi. Mtoto huyo ahitaji kofia pana, nguo za mikono mirefu, na kiti cha mbele darasani, maana macho yake huona kwa shida. Na mama yake ahitaji mume asimamaye kando yake na kusema mbele ya watu: Huyu ni wetu sote wawili.