Picha Kali Insta, Mkono Mfukoni: Siri ya Dada wa Kibongo Jikoni Sydney

Ukiingia kwenye ukurasa wake wa Insta utasema maisha yamemkubali. Opera House nyuma, koti la bei, tabasamu kama lote. Watu wanamwaga makopakopa: "Dada umetoboa!" Kitu kimoja tu hakuna aliyekiona. Kwenye picha zote za miezi miwili, mkono wa kushoto uko mfukoni.

Jina kapuni. Ni mtoto wa Mbagala, yuko Sydney kwa viza ya mwanafunzi, na jioni anapiga kazi kwenye mgahawa mmoja. Huko jikoni mashine ya kukaangia chipsi ilikuwa inavuja mafuta. Alimwambia bosi mara mbili, akaambiwa atandaze maboksi chini. Ijumaa moja watu wamefurika, akateleza, mkono ukaingia kwenye mafuta ya moto.

Bosi alimpa barafu na kumrudisha kazini. Hospitali ndiko alikoambiwa kwamba ukiungua unatakiwa kuweka kidonda kwenye maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, si barafu.

Usiku ule mama alipiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti iko chini?"

"Usingizi tu, mama."

Kwa nini alinyamaza? Kwa sababu bosi alikuwa na cha kumshikia. Viza ya mwanafunzi inaruhusu saa 48 za kazi kwa wiki mbili wakati wa masomo, na yeye wiki nyingine alizidisha ili kodi ya chumba itimie na ya mama ibaki. Alikuwa analipwa dola 15 kwa saa, mkononi, bila karatasi yoyote. "Ukifungua mdomo, viza imekwenda," bosi alimwambia.

Aliyemfumbua macho ni kaka mmoja wa Mombasa, muosha vyombo mwenzake. "Dadangu, huyu anakutisha kwa kosa lake mwenyewe."

Na kweli. Australia, kima cha chini cha taifa kwa mtu mzima kuanzia Julai 2025 kilikuwa dola 24.95 kwa saa, na deiwaka asiye na likizo anaongezewa asilimia 25. Hati ya mshahara lazima utoke ndani ya siku moja ya kazi baada ya malipo. Tangu Januari 1, 2025, mwajiri anayepunja mshahara kwa makusudi anaweza kushtakiwa kwa jinai.

Kwenye usalama ndio usiseme. Sheria ya jimbo la New South Wales ya mwaka 2011 inamtaka mwajiri aondoe hatari kadiri inavyowezekana, na maboksi sakafuni hayahesabiki. Mfanyakazi ana haki ya kusimamisha kazi akiona hatari kubwa iko mbele yake. Akiumia, bima ya wafanyakazi inamhusu hata kama analipwa mkononi.

Na viza? Tangu Julai 2024, kumtishia mtu kwa viza yake ili umnyonye ni kosa, na upo utaratibu wa kumkinga aliyenyonywa asifutiwe viza akitoa taarifa.

Alikaa na simu siku tatu. Siku ya nne akapiga Fair Work Ombudsman, ofisi ya serikali inayoshughulikia malipo, na SafeWork NSW kwa ajili ya lile jiko. Huduma bure, mkalimani bure.

Matibabu yamelipwa na bima. Mashine imebadilishwa. Hela alizopunjwa bado zinafuatiliwa, na shifti hana tena. Kwa sasa anafanya usafi ofisini, mshahara kamili, hati kila wiki.

Juzi kaposti picha mpya. Mikono yote miwili nje, kovu linaonekana. Wa kwanza kupiga alikuwa mama, na hakuuliza habari za koti.

Je, ungekuwa wewe, ungepiga simu ile au ungeendelea kuficha mkono?