Barua kutoka Minneapolis: Nyekundu ya Sebule ya Mama

Kwako dadangu,

Picha za zile nyekundu tatu za sebule ya Mama hapo mtaani Buruburu nimezipata: moja damu ya mzee, ya pili inavuta tofali, ya tatu inavuta zambarau. Umeniuliza tupake ipi. Nasema achague Mama, tena akiwa amesimama mbele ya ukuta wake.

Baridi ya huku imenifunza nguvu ya mwanga. Mwezi wa Desemba jua huzama saa kumi na nusu jioni, na ukuta uliokuwa mwekundu adhuhuri huonekana karibu mweusi. Taa ya manjano huurudishia uhai; taa nyeupe huufifisha. Mimi nitajuaje, kwa kioo cha simu, jinsi jua la Buruburu linavyoingia dirishani mwa Mama?

Mwambie fundi apake kila rangi kwenye kipande kikubwa cha bodi, mara mbili. Zikikauka, zisimamishwe ukutani karibu na makochi, Mama azitazame asubuhi, alasiri, na usiku taa zikiwaka. Akishachagua, fundi atangulize andakoti ya kijivu, maana nyekundu iliyokolea haifuniki upesi. Mikebe yote ichanganywe kwenye ndoo moja, rangi isije ikatofautiana ukutani.

Jambo moja halina mjadala: usalama wa watoto. Marekani ilipiga marufuku rangi za nyumba zenye madini ya risasi mwaka 1978, na anayekodisha nyumba ya kabla ya hapo hulazimika kisheria kumweleza mpangaji anachojua kuhusu rangi hiyo. Buruburu nayo ilianza kujengwa miaka ya 1970, na nyekundu na manjano kali za zamani mara nyingi zilikuwa na risasi. Risasi huharibu ubongo wa mtoto. Ili vumbi lisiruke, fundi asipige msasa ukuta mkavu. Aulowanishe kwanza, watoto wakiwa nje. Na dukani muulize rangi isiyotiwa risasi.

Pesa za rangi na za fundi nimetuma. Nawasihi pia wenzangu wa ughaibuni wanaojengea au kukarabatia wazazi, iwe Umoja, Donholm au Kayole: anayeamka na ukuta huo kila siku ni mzazi. Tukituma pesa, tusitume na amri.

Nduguyo.